Gonu: kimbunga kilichoonekana siku tano kabla

Habari za kimbunga zina tabia moja ambayo sisi tunaofanya kazi za magazeti tunaijua vizuri. Kikiwa mbali baharini hakipati nafasi, labda mistari minne kwenye ukurasa wa habari za nje. Kikifika nchi kavu kinapewa ukurasa wa kwanza na picha kubwa. Siku tatu baadaye kinarudi ndani, na wiki ikiisha hakuna anayekizungumza isipokuwa waliofiwa. Leo nataka tufanye kinyume. Tuchukue kimbunga kimoja tangu kilipokuwa mawingu tu baharini, tukifuate siku baada ya siku, halafu tuangalie nyuma na mbele yake.

Kimbunga chenyewe kiliitwa Gonu, na kiliipiga Omani mwezi Juni 2007. Nimekichagua hiki kwa sababu Maskati si ugenini kwetu. Ni mji ambao Kiswahili kinasikika madukani, maofisini na kwenye harusi, na familia nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa hadi Bujumbura zina shangazi au binamu huko. Tena Gonu kina swali ndani yake ambalo limenikalia kichwani: kama kilionekana tangu kinazaliwa, na kila mtu aliambiwa kinakuja, ilikuwaje watu wapatao 50 wakafa Omani?

Haya, tuanze mwanzo.

Siku za mwisho za Mei 2007 mawingu ya mvua yalijikusanya upande wa mashariki wa Bahari ya Arabu, mamia ya kilomita kusini mwa Mumbai. Picha za setilaiti zilionyesha mawingu hayo yameanza kujizungusha. Tarehe 1 Juni kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Hawaii, kinachofuatilia vimbunga vya bahari hizi, kikaanza kuyahesabu kuwa ni kimbunga kinachokua. Tarehe 2 Juni Idara ya Hali ya Hewa ya India ikakipa jina. Idara hiyo, kupitia kituo chake cha New Delhi, ndiyo yenye dhamana ya kutoa taarifa za vimbunga kwa nchi zote zinazozunguka Bahari ya Hindi upande wa kaskazini.

Jina halikutungwa siku hiyo. Tangu 2004 nchi nane za ukanda huo, yaani Bangladesh, India, Maldives, Myanmar, Omani, Pakistan, Sri Lanka na Thailand, zilikuwa zimepeleka majina yao, na yakatumika kwa zamu. Mwezi uliotangulia, kimbunga kilichotokea Ghuba ya Bengal kilichukua jina la India, Akash. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Maldives, na neno lao lilikuwa Gonu, ambalo kwa lugha yao ni mfuko wa makuti. Yaani kikapu, bwana! Kikapu ndicho kilichokuja kubomoa barabara za Maskati.

Sasa, kwa nini Juni? Hapa inabidi tuwakumbuke mababu zetu wa majahazi, maana wao walilijua jibu kabla ya setilaiti.

Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, nyuzi 26 au 27 za Selsiasi kwenda juu. Bahari ya Arabu inapata joto hilo Aprili na Mei, jua linapokuwa kali na upepo ni mdogo. Lakini joto peke yake halitoshi. Kimbunga ni kama mnara wa mawingu unaosimama wima, na kikitaka kusimama ni lazima upepo wa chini na upepo wa juu usipishane sana. Kusi linapokolea, kuanzia katikati ya Juni, upepo wa chini unavuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi huku ule wa juu sana ukienda upande mwingine kabisa. Mnara unakatwa kichwa kabla haujakua. Ndiyo maana Bahari ya Arabu ina milango miwili tu ya vimbunga kila mwaka: Mei na Juni kabla kusi halijashika, halafu Oktoba na Novemba likishaondoka. Katikati ya hapo kuna upepo mkali na mawimbi makubwa, lakini vimbunga ni nadra.

Manahodha hawakuwa na maneno haya ya kitaalamu, lakini walikuwa na kalenda. Neno letu "msimu" limetokana na Kiarabu "mawsim", majira maalumu ya kusafiri, na neno hilohilo ndilo Wazungu walilogeuza likawa jina la pepo hizi zote za Bahari ya Hindi. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetoka Julfar, sehemu inayoitwa leo Ras al-Khaimah, aliandika kitabu cha uanahodha akieleza ni lini chombo kitoke bandari ipi. Tarehe zake alizihesabu kwa siku za Nairuzi, mwaka wa jua. Ni Nairuzi hiihii ambayo watu wa Makunduchi wanaiadhimisha mpaka leo kwa Mwaka Kogwa. Katika hesabu hizo kuna kipindi cha karibu miezi mitatu ambacho mabaharia walisema bahari imefungwa. Aliyetoka Unguja kurudi Arabuni aliwahi na kusi changa, Aprili au mwanzoni mwa Mei, au alisubiri mpaka kusi lilegee. Aliyechelewa akakutwa njiani mwanzoni mwa Juni alikuwa amejiweka mlangoni kabisa.

Gonu kilipita mlango huohuo.

Tarehe 3 Juni kilikua kwa kasi ya kutisha. Katikati yake likafunguka jicho, ile duara tulivu inayoonekana kwenye picha kama tundu la sindano. Tarehe 4 Juni kikafika kileleni. India ilikadiria upepo wake kuwa kama kilomita 240 kwa saa. Wamarekani wakasema 270. Hawakuwa wanabishana, Wahindi wanapima wastani wa dakika 3 na Wamarekani wastani wa dakika 1, kwa hiyo namba zao hazilingani hata kimbunga kikiwa kilekile. Kwa vipimo vyote viwili, hakijawahi kurekodiwa kimbunga kikali namna hiyo katika Bahari ya Arabu hadi siku hiyo. Ilichukua miaka 12, mpaka Kyarr cha Oktoba 2019, ndipo India ikakipa kimbunga kingine cha bahari hiyo daraja lile la juu kabisa.

Omani haikulala. Maelfu ya watu walihamishwa, wakiwemo wa kisiwa cha Masira. Bandari ya mafuta ya Mina al Fahal ilifungwa, na bandari ya gesi karibu na mji wa Sur nayo ikasimama. Watu wakaambiwa wakae majumbani. Masoko ya mafuta duniani yakashtuka, maana kimbunga kilikuwa kinaelekea kwenye mlango wa Ghuba unaopitisha meli za mafuta za nusu ya dunia ya Kiarabu. Kwa magazeti mengi ya nje hiyo ndiyo iliyokuwa habari: bei ya pipa.

Halafu likatokea jambo ambalo naomba ulishike vizuri, kwa sababu ndilo kiini cha makala hii. Kimbunga kilidhoofika. Tarehe 5 Juni kilipokaribia Ras al Hadd, ncha ya mashariki kabisa ya Omani, kilikuwa kimevuta hewa kavu ya jangwani na kupita kwenye maji yasiyo na joto la kutosha. Upepo ulishuka sana. Bado kilikuwa kimbunga kikali kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa kuifikia Rasi ya Arabuni, lakini kwa anayefuata taarifa, daraja lilikuwa linashuka kila baada ya saa chache. Na daraja la kimbunga ni hesabu ya upepo. Halisemi lolote kuhusu mvua.

Omani ina milima ya Hajar, imeinuka kama ukuta nyuma ya pwani yote kuanzia Sur, kupita Quriyat na Maskati, hadi Sohar. Kimbunga kilipoingia Ghuba ya Omani kikawa kinaisukuma hewa iliyojaa maji dhidi ya ukuta huo. Hewa ikapanda, ikapoa, ikamwaga. Sehemu nyingine zilipata milimita 610 za mvua. Maskati kwa kawaida hupata kama milimita 100 kwa mwaka mzima. Hebu piga hesabu mwenyewe: mvua ya miaka sita, kwa siku moja au mbili, juu ya milima ya mawe matupu isiyo na udongo wala majani ya kuyashika maji.

Maji hayo yana njia moja tu ya kufika baharini, nayo ni wadi. Wadi ni mto usio na maji. Miaka inapita ukiwa mkavu, watoto wanachezea mpira humo, magari yanaegeshwa. Sehemu kubwa ya tambarare za Maskati, ikiwemo Qurum, ni mdomo wa wadi zinazoshuka kutoka milimani. Tarehe 6 Juni zikajaa. Magari yakachukuliwa kama maboksi, madaraja yakakatika, barabara ya pwani ikaliwa vipande. Mitambo ya Ghubra na Barka inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ikasimama, na mji uliozama kwenye maji ukakosa maji ya kunywa kwa siku kadhaa. Tarehe 7 Juni Gonu kikamalizia pwani ya Iran, ambako nako zaidi ya watu 20 walikufa. Omani ilizika watu wapatao 50, na hasara ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 4 za Marekani.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali langu ni hili: watu walijiandaa kwa upepo kutoka baharini, wengi wakauawa na maji kutoka mlimani. Lakini jibu hilo halitoshi. Kwa nini mji ulikuwa kwenye njia ya maji?

Turudi nyuma miaka 117. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1890, tarehe ileile, kimbunga kiliipiga Maskati. Mtawala wa Omani alikuwa Seyyid Faisal bin Turki, aliyekuwa na miaka miwili tu madarakani. Baba yake mdogo, Seyyid Ali bin Said, ndiye aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Kwa saa 24 zilinyesha milimita 286 za mvua. Wadi zilishuka na kila kitu. Watu zaidi ya 700 walikufa, mjini Maskati, Matrah na vijiji vya jirani, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wachache sana kulinganisha na leo. Ni msiba mkubwa kuliko wowote wa asili uliorekodiwa Omani.

Hapakuwa na onyo. Hata kama kulikuwa na meli iliyokutana na dhoruba ile huko baharini, haikuwa na redio ya kumwambia mtu wa pwani. Na manahodha waliojua kwamba mwanzo wa Juni ni mlango mbaya walikuwa na elimu ya kulinda vyombo, si ya kulinda nyumba zilizojengwa bondeni.

Basi linganisha. Mwaka 1890 hakuna aliyejua, wakafa zaidi ya 700. Mwaka 2007 kila mtu alijua, wakafa 50 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni mbili na nusu. Mtu asikudanganye kwamba tahadhari haisaidii. Zile siku tano za kuifuatilia Gonu, zile picha na taarifa za kila saa chache, ziliokoa roho nyingi ambazo hatutazijua majina. Hilo lazima lisemwe kwanza.

Lakini hao 50 je? Hapa ndipo historia inapoingia.

Kati ya 1890 na 2007 Maskati ilizaliwa upya. Seyyid Qaboos bin Said aliposhika nchi Julai 1970, Omani nzima ilikuwa na kilomita kama 10 tu za lami, na milango ya mji mkongwe wa Maskati ilikuwa inafungwa usiku. Mafuta yakaleta fedha, fedha zikaleta ujenzi. Waomani waliokuwa nje waliitwa kurudi, na wengi sana walirudi kutoka Afrika Mashariki na Kati, baadhi wakiwa wameondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Walirudi na elimu, na Kiswahili chao, wakaingia kwenye wizara, hospitali na kampuni. Wafanyakazi wakaja kutoka India, Pakistan na Bangladesh. Mji ukatoka nje ya majabali yake ya zamani ukasambaa kwenye tambarare. Na tambarare, kwenye nchi ya milima ya mawe, ni pale ambapo maji yalipita zamani.

Nani angewaambia? Kizazi kilichoiona 1890 kilikuwa kimeshazikwa. Taarifa zake zilikuwa zimelala kwenye makabrasha ya Waingereza. Mjenzi alitoka Kerala, mpangaji alitoka Pemba, mchoraji ramani huenda alitoka Ulaya. Wala sisemi walikuwa wazembe. Kila mmoja wao alitazama wadi kavu akaona ardhi nzuri, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kuiona ikifanya kazi yake. Juni 1977 kimbunga kikubwa kilikiharibu kisiwa cha Masira, miezi michache tu baada ya jeshi la anga la Uingereza kuondoka kwenye kambi yake pale, lakini Masira ni mbali. Mei 2002 dhoruba nyingine ikaipiga Dhofar, nayo ni mbali. Kila mahali palikuwa mbali, mpaka maji yalipofika Qurum.

Baada ya Gonu, Omani ilifanya kazi ambayo nchi nyingi zinaahidi tu. Bwawa kubwa la kuzuia mafuriko lilijengwa Amerat, juu ya Wadi Adai, ili maji yasishuke mjini kwa mpigo mmoja. Kituo cha taifa cha tahadhari za mapema kilianzishwa. Kimbunga Mekunu kilipoipiga Salala Mei 2018, na Shaheen kilipotua pwani ya Batina Oktoba 2021, watu walikufa, lakini hawakufikia idadi ya 2007. Nchi ilikuwa na kumbukumbu sasa, tena kumbukumbu yenye jina.

Hata hivyo, Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha Omani. Haikuwa kimbunga. Haikuwa na daraja, wala jicho la kuonyesha kwenye televisheni. Huko Samad al Shan maji ya wadi yaliwachukua wanafunzi wakiwa kwenye gari, wakafa. Ilipokosa daraja, ile wadi ikaonekana tena kama barabara. Habari hii iliniuma sana, na ndiyo iliyonifanya nianze kusoma kuhusu Gonu.

Najua kuna msomaji atasema, hayo ni ya Waarabu na jangwa lao. Hapana, ndugu yangu. Sisi tuko kwenye bahari ileile, upande wa pili wa ikweta, na milango yetu ya vimbunga iko mwishoni mwa msimu wa kusini, Aprili na Mei. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, mahali ambapo watu waliamini pako nje kabisa ya njia ya vimbunga. Ilizamisha merikebu za Seyyid Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikinusurika. Miaka 80 kamili baadaye, Aprili 1952, kimbunga kikaubomoa mji wa Lindi. Kisha ukaja ukimya mrefu, mpaka Hidaya kilipofika karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, na wengi wetu tukakipokea kama mgeni ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Kumbe alikuwa anarudi.

Wadi nazo tunazo, ila tunaziita majina mengine. Bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam ni wadi yetu. Desemba 2011 lilijaa, watu wakafa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Halikuhitaji kimbunga.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inataja jina la kimbunga, kifuate, ni jambo jema. Tazama ramani, sikiliza redio. Lakini ukisikia kwamba upepo umepungua nguvu, usiondoke kwenye redio ukadhani yamekwisha. Jiulize: mvua yake itaangukia wapi, na kutoka pale maji yatapita wapi kwenda baharini? Jibu la swali hilo haliko kwenye setilaiti. Liko kwa watu waliokaa mahali hapo kabla yako, kama bado wapo na kama kuna aliyewauliza.

Lindi bado wako wazee waliokuwa watoto mwaka 1952. Wamebaki wachache, na wana miaka zaidi ya themanini. Kama mmoja wao ni bibi yako au babu yako, mpigie simu wiki hii. Muulize siku ile maji yalifika mpaka wapi. Akikuambia, andika, taja mtaa na taja mti. Miaka ijayo kuna mtu atataka kujenga pale.